Mama Pindo Akagua Kuta za Mji

Mimi ni fundi rangi. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu wanaodhani fundi ni yule anayejenga tu, na sisi wa rangi tunakuja mwishoni kupepea inzi. Waulizeni nyumba zao zingekuwaje bila mimi. Katika mji huu nimepaka kuta nyingi kuliko nywele zilizo kichwani mwangu, na nakiri kwamba tambo hilo halina uzito liliokuwa nao zamani. Shule nilifika darasa la saba, tukaachana kwa amani, haikunililia nami sikuililia. Mjini wananiita Mkono Mmoja. Mgeni akilisikia jina hilo hunitazama mikono, akikuta ipo yote miwili huona haya. Jina limetokana na kazi. Mafundi wengine hupaka ukuta mkono wa kwanza, wanasubiri ukauke, kisha wanarudia mkono wa pili. Mimi napaka mmoja na ukuta unaitika. Hayo ni maelezo yangu. Wateja wana maelezo yao.

Lakini leo sikukaa chini kujisifu, au tuseme nitajisifu kiasi tu. Nataka kumwandika dada yangu.

Yeye ni wa kwanza kwa mama yetu na mimi ndiye kitinda mimba, kwa hiyo amenilea, amenichapa na amenishonea suruali, wakati mwingine yote kwa siku moja. Ni fundi cherehani, na kazi yake kubwa ni sare za shule. Watu humwita Mama Pindo. Ukimpelekea mtoto apimwe gauni, atamwachia pindo la vidole vinne kule ndani, na mzazi akilalamika kwamba kitambaa kinaliwa bure, anajibiwa kwamba mtoto hakuumbwa asimame hapo hapo. Mwaka unaofuata mzazi anafumua pindo, gauni linashuka, mtoto anaendelea na shule. Kwa miaka thelathini na moja amekaa katika vyumba viwili ghorofa ya pili, cherehani dirishani, mgongo kwa barabara ili mwanga umwangukie begani. Barabara aliisikia tu. Kuitazama hakuwa na nafasi.

Mwaka juzi, asubuhi moja akitunga uzi kwenye sindano, upande wake wa kushoto ulizima kama taa. Kiharusi. Hospitali walimrudishia maneno yote, na nasema yote kwa uhakika, maana nusu yake huwa ya kunisema mimi. Mkono nao ulirudi kwa sehemu kubwa. Mguu ndio uliokaidi. Binti wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, mdogo wa umbo, mkali kama pilipili, alituambia bila kuzunguka kwamba mguu ule haukutaka dawa, ulitaka barabara. Atembee kila siku, kesho apite pale alipoishia leo. Akikaa, mguu utasahau kazi yake, na mguu ukishasahau haukumbushiki.

Dada akakaa.

Wala haukuwa uvivu, ilikuwa haya. Mwanamke aliyezoea kupita sokoni kifua mbele, kila mzazi akimwamkia, hakutaka aonekane akiburuta mguu kama gunia. Alisema atashuka akishapona. Binti wa mazoezi akasema hatapona asiposhuka. Mimi katikati yao nilikuwa kama kitambaa kinachovutwa pande mbili.

Ndipo mpwa wangu alipopiga simu. Huyo ni binti wa pekee wa dada, anafanya kazi ya ofisi katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alisema likizo yake ni mwezi wa nane. Akifika amkute mama yake anashuka na kupanda mwenyewe, hana neno. Asipomkuta hivyo, atamrudishia mwenye nyumba vyumba vyake na kumchukua mama akaishi naye. Siwezi kumlaumu, alisema kwa mapenzi. Nani angemwacha mama yake juu ghorofani peke yake, na mguu ambao leo upo kesho umesusa? Lakini dada alipoweka simu chini alikuwa na uso wa mtu aliyesomewa hukumu.

"Kwake kuna kila kitu," akaniambia. "Kochi, televisheni, msichana wa kazi. Nitakaa kwenye hilo kochi mpaka nifanane nalo."

Ilikuwa mwezi wa tano. Nikajaribu kila njia. Nikambembeleza, akaniuliza nimeanza lini kuwa daktari. Nikamtisha, akacheka upande mmoja wa mdomo. Nikamletea viatu vipya vya mpira, akavipanga chini ya kitanda vizuri sana, vikabaki huko. Basi ikabidi nitumie kipaji nilichojaliwa, ambacho ni uongo.

Nilipanda siku moja nikihema, nikaketi, nikamwambia nimepita mtaa wa nyuma, karibu na duka la vitambaa, nikakuta watu wamechora ukutani picha ya fundi cherehani, mwanamke, mkubwa kama nyumba. Akasema ni jambo jema. Nikasema ni jema kweli, ila gurudumu la cherehani wameliweka kushoto.

Kwa nyinyi msioshona: gurudumu la cherehani liko kulia. Kuliweka kushoto ni kama kumchora mtu pua ikiwa kisogoni.

Dada akanigeukia. "Kushoto?"

"Kushoto."

"Na sindano wameiweka wapi, kwenye paa?"

"Sikuangalia, dada. Mimi ni wa rangi."

"Lete mkongojo."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ile ya siku hiyo ilikuwa na ngazi ishirini na nane, kona tatu na barabara mbili za kuvuka. Tulishuka ngazi kwa muda ambao mimi ningemaliza chumba na dari yake. Kila ngazi aliitangulizia mguu mbovu, akaulaani, akauletea mwenzake. Tulipofika duka la vitambaa jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni, na ukutani hapakuwa na kitu. Palikuwa na tangazo la chumba cha kupanga na alama ya mpira wa watoto. Nikasema, duh, wameshaifuta.

Dada akauchunguza ukuta kutoka juu mpaka chini. "Ukuta huu haujaona rangi tangu wewe ulipokuwa na nywele," akasema.

Nikajua nimekwisha. Nikasogea pembeni kidogo, nje ya urefu wa mkongojo. Lakini macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega langu. Nikageuka. Ng'ambo ya barabara, kwenye ubavu wa jengo la ghorofa tatu, kuku mwekundu alikuwa ameketi kwenye kiti cha ofisi, amevaa miwani na koti, anasoma gazeti. Kutoka kwenye bomba la paa mpaka ardhini, kuku mtupu. Njia hiyo nimeipita miaka, nikiwa na ndoo na rola begani, na naapa sikuwahi kumwona. Nilikuwa nikiutazama ule ukuta nawaza ndoo ngapi zitahitajika.

"Koti la kuku huyu limekatwa na mtu anayejua," dada akasema. "Ona lilivyokaa kwenye bawa. Halikuvuta." Akaendelea kutazama, amesahau kunipiga. Halafu akauliza, "Kuna mengine?"

"Yapo tele," nikasema. Huo ulikuwa uongo wa pili, na baadaye ulinigeukia ukawa kweli.

Kupanda tena ngazi zile sitakuhadithieni, kwa heshima yake. Alilala mpaka siku ya pili. Nikawaza, haya, tumejaribu. Asubuhi yake saa moja simu ikalia. Dada aliniuliza kama nimekufa au nimelala tu.

Tukaanza. Mwanzoni tulikuwa tunaulizia, na muuza magazeti wa kona ya kwanza ndiye aliyetufungulia macho. Alituambia tukitaka picha tuje mapema, kabla maduka hayajafunguliwa, kwa sababu mtaa mzima wa pale wamechora kwenye milango ya chuma, ile ya kukunja kwenda juu. Kweli. Asubuhi milango ikiwa imeshuka unakuta simba anakatwa nywele, mwanamke mwenye kichwa cha buli, samaki wamepanga foleni benki. Saa mbili wenye maduka wanakuja, wanasukuma milango juu, na picha zote zinajikunja zinapotea, mtaa unabaki na ndoo za plastiki na madaftari. Dada alivyojua hivyo, hakukubali tena tuchelewe. Mtu ambaye wiki moja nyuma nilikuwa namwomba asimame, sasa ndiye ananiburuta. Kuna asubuhi tulifika mlango wa kinyozi ukiwa umeshafika nusu, simba amebaki kidevu, akamwambia kinyozi aushushe kwanza amalizie kutazama. Kinyozi akaushusha.

Tukapata njia zetu. Tulikuwa tunasema leo tuishie kwa Kuku, leo tufike kwa Bibi Buli, leo tukijaliwa tuvuke mpaka chini ya daraja, kwenye ndege. Pale chini ya daraja nguzo zote wamezichora ndege, na kila nguzo ndege wake amegeuka upande wake, kama abiria waliogombana. Kwenye boksi la umeme la barabara kuu mtu amechora redio ya zamani, na dada hakuipita bila kukizungusha kitufe kwa kidole. Mahali pengine picha ilikuwa ndogo kama kiganja: sisimizi, chini kabisa karibu na mfereji, kabeba kabati. Sisimizi yule aliyemwona ni yeye. Mtu mwenye mguu mbovu huitazama sana ardhi, na ardhini napo wamechora.

Msidhani alikuwa anasifia tu. Alikagua. Bibi harusi mmoja wa ukuta wa posta alimkuta amechorewa shati lenye vifungo upande wa kiume, akasema yule mwanamke kaondoka nyumbani na shati la mume. Malaika mmoja alimhurumia, kwamba mikono ya kanzu ile akiinua tu mabawa inachanika kwapani. Watu waliokuwa wanapita wakawa wanasimama kusikiliza. Nikaona wanamtazama. Nikaona pia kwamba yeye hakuwa na habari nao, wala hakuwa anauficha mguu. Kumbe haya ilikuwa imebaki njiani mahali fulani, labda kwa Kuku, na hakuna aliyerudi kuiokota.

Mwezi wa saba ukaingia. Ngazi alikuwa anashuka mwenyewe, mimi nyuma kwa ajili ya mapambo. Kupanda bado alihitaji bega langu kwenye ngazi za mwisho, na safari ndefu ilikuwa bado inamshinda. Alikuwa anajua, nami nilikuwa najua, kwamba binti yake hatakuja kupima kwa macho ya huruma.

Siku moja tukamkuta mchoraji mwenyewe akiwa kazini. Msichana, amepanda jukwaa la mbao kwenye ukuta wa zahanati, anachora mwanamke amebeba mtoto mgongoni. Dada akasimama chini, akamwambia kwa sauti ya ukaguzi kwamba kitambaa hicho mtoto ataanguka, hakizungushwi hivyo, kinapita chini ya kwapa. Msichana akashuka. Nilidhani kunatokea ugomvi. Badala yake akampa dada chaki, na dada akasogea ukutani akamwonyesha kitambaa kinavyokunjika, kinapokaza na kinapolegea. Wakaelewana kama waliosoma darasa moja. Msichana alimwita mama, akamuuliza ameshaona zipi, dada akazitaja zote kama orodha ya wateja.

"Basi mama umechelewa," msichana akasema. "Picha nzuri kuliko zote ilikuwa ukuta wa ghala la zamani, kule mwisho wa barabara ya reli. Aliyeichora ndiye aliyenifundisha mimi, ameshahama. Mwaka juzi mjinga mmoja akaipaka rangi nyeupe yote."

Nikakumbuka nina jambo muhimu la kutazama angani.

Maana ghala hilo nalijua. Mwenye ghala aliniita mwenyewe, akasema ondoa makorokoro hayo, ukuta urefu wa basi tatu, na alitaka uishe kabla ya Ijumaa. Nami niliumaliza Jumatano. Mkono mmoja. Picha yenyewe sikuitazama. Nakumbuka rangi tu, kwamba ilikuwa ya mafuta, na ya mafuta inasumbua.

Dada akataka kwenda. Nikamwambia ni mbali, akasema ndiyo maana anataka. Nikamwambia ameshaambiwa hakuna kitu, imefutwa. Akasema atakwenda kuuona huo ukuta alioharibu huyo mjinga, atautazama kama mtu anavyokwenda kutazama kaburi. Tukaenda. Tulichukua saa nzima na robo, tukapumzika mara nne, na kila tulipopumzika niliomba mvua. Mvua ilikuwa imenyesha wiki hiyo yote. Siku hiyo jua likawaka.

Tulipotokea kona ya reli nikasimama. Ukuta haukuwa mweupe. Ile rangi yangu ilikuwa imechujuka na kubabuka, na chini yake picha ilikuwa inatoka, kama mtu anayekuja kwenye ukungu. Ni watoto. Watoto wa shule, mstari mrefu wa watoto, wakubwa kuliko watu, wanakwenda shuleni na mabegi, mmoja anaburuta kamba ya kiatu, mwingine anageuka kumwita aliyebaki nyuma. Vichwa vilikuwa bado na utando wangu. Miguu imeonekana vizuri.

Dada aliuendea ukuta. Aliinama, na kuinama kwake si jambo dogo, akaweka kidole kwenye gauni la msichana wa tatu, chini karibu na magoti. Pale mchoraji alikuwa amechora mstari mwembamba, uliopauka, umezunguka gauni lote, na chini ya mstari kitambaa kina rangi nzito zaidi, mpya zaidi.

Mimi sikuelewa. Ilibidi aniambie. Mstari ule ndio pindo likiwa limefumuliwa. Gauni likivaliwa mwaka mzima linapauka, ila sehemu iliyokunjwa ndani haipauki, na ukilishusha, alama inabaki. Kila mama anaiona alama hiyo na anatamani isionekane. Huyu mtu aliiona, akaichora. Na hakuichora kwa mtoto mmoja. Dada alikwenda gauni hadi gauni, ameegemea ukuta, akazihesabu kwa kidole: huyu, na huyu, na huyu.

"Huyu mtu alivaa gauni lililoachiwa pindo," akasema. "Langu au la mwenzangu, sijui. Lakini alivaa."

Miaka yote ile nilimwona akikunja vidole vinne ndani ya gauni, na sijawahi kufikiri kwamba yupo mtu aliyekumbuka. Nafikiri hata yeye hakuwahi.

Saa hiyo hiyo mlinzi wa ghala akatoka kibandani. Akanitazama, uso ukamfunguka kwa furaha isiyo ya heri. "Mzee Mkono Mmoja! Tajiri anakutafuta tangu masika yaanze. Anasema ulimpaka uji."

Basi. Dada aligeuka polepole, akanitazama mimi, akautazama ukuta, akanitazama tena. Nikaeleza. Nilieleza kitaalamu, kwamba rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inataka ukuta upigwe msasa kwanza, na mimi msasa siku hiyo sikuwa nao, na ndoo zilikuwa mbili na ukuta ni wa ndoo tano, kwa hiyo maji niliongeza kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani. Mlinzi akajibu kwa niaba yangu.

Nilisubiri kutukanwa. Alicheka. Kwa mara ya kwanza tangu kiharusi alicheka kwa mdomo wote, kushoto na kulia, mpaka ikabidi aketi juu ya jiwe.

"Mdogo wangu," akasema alipopata pumzi, "ungekuwa fundi, leo nisingeona kitu."

Nimesifiwa mara nyingi katika maisha yangu, mara nyingi na mimi mwenyewe, lakini sijapata sifa iliyoniingia kama ile.

Mlinzi alitukumbusha kwamba tajiri bado anataka ukuta wake usafishwe. Dada akamuuliza, amesema usafishwe namna gani? Mlinzi akafikiri. Akasema hakutaja namna, alisema tu uwe safi. Kesho yake tulirudi na ndoo, sabuni na brashi za kusugulia sakafu. Rangi yangu ilitoka kwa urahisi wa kuaibisha. Mimi nilichukua juu na ngazi yangu, dada akachukua chini, viatu, soksi na mapindo. Mkongojo aliuegemeza ukutani ili apate mikono miwili. Alisimama hivyo, akisogea mtoto hadi mtoto, siku ya kwanza nusu saa, ya pili saa nzima. Binti wa mazoezi nilipomsimulia aliniuliza nani aliyebuni zoezi hilo. Nikamwambia ni mimi, na kwa namna fulani ni kweli. Tajiri mwenyewe alipita na gari siku ya nne, akashusha kioo, akawatazama wale watoto kwa muda. Akasema angalau sasa hakuna mabaka. Akaenda zake.

Msichana wa zahanati naye alikuja, habari ilimfikia. Alitazama ukuta, akaniona mimi juu ya ngazi na ile rangi nyeupe ikinitiririka kwenye viwiko, na nikaona amejua. Aliniambia, "Asante, mzee." Nimetukanwa na wenye nyumba wa kila aina, na hakuna tusi lililonichoma kama asante ile.

Sasa na mimi nitoe asante yangu. Wachoraji wa mji huu siwajui. Wengine huandika pembeni jina ambalo hata aliyemaliza chuo hawezi kulisoma. Miaka thelathini nilikuwa nawaita wachafuzi na nikilipwa kuwafuta. Hawakumjua dada yangu, hawakuchora kwa ajili ya mguu wake. Walichora tu, wakaondoka, wakaacha kitu cha kufuatwa. Nawashukuru, mmoja mmoja, pamoja na yule wa sisimizi. Nikiitwa siku hizi kufuta ukuta, naenda kuutazama kwanza. Nyingine nimekataa. Nyingine, zikinishinda kukataa, nazipaka kwa ufundi wangu ule wa zamani, mnaelewa.

Mpwa wangu alikuja siku mbili kabla ya siku aliyosema. Ndivyo wakaguzi walivyo. Tulikuwa ghalani simu iliponilia.

"Mjomba, niko mlangoni, pamefungwa. Mama yuko wapi?"

"Yuko kazini," nikasema.

Alikuja na pikipiki ya kukodi, na viatu vya ofisi, mkoba begani. Hakuvuka barabara mara moja. Nilimwona amesimama upande wa pili, anamtazama mwanamke aliyempa mgongo, amesimama kwa miguu yake, anamsugua soksi mtoto wa mwisho. Halafu akavuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," dada akasema, hakushtuka hata kidogo. "Shika ndoo hii, nimalizie."

Jioni ilipokaribia mpwa wangu akasema aite gari. Dada akakataa, akasema kuna vitu vya kuona. Akatupitisha njia ya mzunguko, nayo ni ndefu jamani: chini ya daraja, zahanati, posta, redio, mpaka kwa Kuku. Kila mahali alisimama akaeleza. Mwanzoni mpwa wangu alikuwa anatazama miguu ya mama yake tu, na alikuwa sawa, maana mmoja bado unachelewa na nadhani utachelewa daima. Kwenye redio nikaona ameanza kutazama kuta. Kwa Kuku alikuwa ameshavua viatu, ameviweka mkononi, anachechemea kuliko mgonjwa.

Tukafika ngazi. Dada akatangulia, mkono kwenye chuma, mguu mzima, mguu mbovu. Sikumpa bega, wala hakuliomba. Mpwa wangu aliketi kwenye ngazi ya kumi na nne.

"Mama, ngoja kidogo."

"Pumzika mwanangu," sauti ikatoka juu. "Ngazi haziondoki. Ukipata nguvu uje, maji nitakuwa nimeshabandika."

Tulikunywa chai watatu, mpwa wangu ameweka miguu kwenye beseni. Kisha akafungua mkoba wake akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba barua ya kumrudishia mwenye nyumba vyumba alikuwa ameshaiandika, ilibaki kutia sahihi.

Dada akaichukua, akaisoma yote bila kukunja uso, akaigeuza. Nyuma ilikuwa tupu.

"Hapa andika nyingine," akasema. "Mwambie kile chuma cha kushikia, pale ghorofa ya kwanza, kimelegea. Aje akikaze, mimi bado nakitumia."

Mpwa wangu akatafuta kalamu.